Umegongwa na tuktuk: mmalizane hapo hapo au muende bima?

Mwenye Bampa: Wenzangu, kabla ya Ramadhani nilikuwa nimesimama kwenye foleni hapa Malindi, tuktuk ikaja ikanivaa nyuma, bampa imepasuka na taa moja imekwenda. Kijana akatoa elfu nne tumalizane. Nikakataa, nikaenda polisi nikachukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, nikapeleka kwa bima yake. Mpaka leo ni mara asesa, yule mkaguzi wa gari wa bima, hajaja, mara meneja yuko Mombasa, mara faili haionekani. Nilikosea?

Mwana wa Langoni: Ungechukua elfu nne yako ukaenda zako. Bima wakichukua pesa simu wapokea, wakidaiwa hawako ofisini. Hapa Lamu tukigombana twaitana barazani yaisha kabla ya magharibi.

Fundi wa Ngala: Huo ushauri mbovu kabisa. Elfu nne hata rangi haitoshi. Abstrakti ndiyo kila kitu, na usitengeneze gari kabla asesa hajaiona, piga picha zote. Halafu nyinyi wa Lamu nawaheshimu ila bima ya gari mwaijua wapi, kwenu punda ndiye matatu.

Wakili Nusu: Naomba niseme kitu. Ile sheria ya bima ya lazima, sura ya 405, inahusu mtu kuumia au kufa, na hapo mtu mmoja ni mpaka milioni 3. Bampa si lazima. Bampa inategemea thadi pati ya huyo kijana, ile bima ya kuwalipa wengine, imeandikwa vipi, kwa hivyo kwanza uliza mkataba wake wa bima unalipa mali ya watu mpaka kiasi gani. Na ile karatasi ya kukubali malipo usiweke sahihi kabla hujaisoma, ukishaweka umemaliza, hudai tena.

Mwana wa Langoni: Punda ndiye matatu? Yakhe wewe wa Ngala, Mokowe magari yamejaa, Mpeketoni yamejaa, una mato au una matundu? Na hata kisiwani bodaboda zimeingia siku hizi. Zamani ndiyo gari lilikuwa la DC tu, mkuu wa wilaya, na hatukuwa na ajali wala asesa.

Fundi wa Ngala: Asante, umejibu mwenyewe. Gari moja litagongana na nani

Mama wa Barani: 😂😂 Lakini punda msimdharau. Kakangu alimgonga mmoja usiku baada ya Mambrui, gari boneti lote ndani. Ana thadi pati, akaambiwa hiyo ni ya wenzako, yako jitengenezee. Kutafuta mwenye punda kijiji kizima hakuna amjuaye! Siku angalikuwa mzima amekula mahindi ya mtu ungewaona wenyewe watatu.

Abu Nasra: Ndiyo maana nasema watu waingie takaful, bima ya Kiislamu, muache hizi za riba.

Fundi wa Ngala: Sheikh, takaful nayo ina asesa na eksesi yake, ile unayokatwa kwanza wewe mwenyewe. Usitufanye watoto.

Abu Nasra: Sikusema haina. Umeanza na watu wa Lamu sasa umekuja kwangu, wewe una shida gani leo?

Wakili Nusu: Jamani, bampa. Andika barua ya malalamiko kwa hiyo kampuni, wakinyamaza peleka IRA, ile mamlaka ya bima Nairobi, malalamiko wanapokea.

Mwana wa Langoni: Punda wangu hajamvaa mtu nyuma toka azaliwe, na hana breki. Huyo wa tuktuk alikuwa na breki.

Mwenye Bampa: Wallahi hapo umenimaliza 😂

Mtoto wa Gongoni: Mama wa Barani, huyo punda wa Mambrui alikuwa na sikio moja lililokatwa? Mjomba wangu amepotelewa na wake, tumemtafuta mpaka Marereni.

Mama wa Barani: Mwanangu ilikuwa usiku, masikio hatukuyahesabu. Mjomba wako ana shilingi ngapi za boneti?