Tupeane uzoefu: kuzunguka Tanga, kuanzia milima ya Usambara hadi fukwe za Pangani

Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni mtu wa Dar, na likizo zangu mbili zilizopita nimezimalizia mkoa wa Tanga. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila nikitafuta habari za kutembea huko nakuta picha: mnazi, mchanga, jua linazama, basi. Picha haisemi ulivuka saa ngapi wala ulikwama wapi. Waliofika waje waseme walichokiona kwa macho yao. Naanza mimi, na kisa changu cha Maziwe.

Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini ya mdomo wa Mto Pangani. Ni hifadhi tangu 1975. Tulikwenda watu sita, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mtu aliyetuandalia safari tulimwambia tunataka kuondoka asubuhi na mapema. Akatuchelewesha, mara mafuta, mara chakula hakijaiva, na kila nikimhimiza ananijibu, "Dada, kisiwa hakina miguu." Tukang'oa nanga saa sita imeshapita. Nahodha wetu, mzee wa palepale Ushongo, alikuwa kimya njia nzima, anatazama maji.

Tulipofika, mchanga ulikuwa mweupe, mpana, umejaa membe, wale ndege wa baharini. Tukatandika mkeka, tukala wali na samaki. Nikaingia majini na miwani kutazama matumbawe. Nilipotoka nikakuta mkeka umesogezwa. Baada ya muda mfupi ukasogezwa tena. Mdogo wangu akachomeka kijiti ukingoni ili aone, akakaa chini kumenya chungwa. Chungwa halijaisha, kijiti kimezungukwa na maji. Mzee akasema taratibu, "Wanangu, kusanyeni vyombo." Tulipanda mashua maji yakitufika magotini, na pale tulipolia wali hapaonekani tena. Membe wakaruka wote kwa pamoja.

Njiani ndipo mzee alipofungua kinywa. Leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kukupwa kupita kawaida, akasema. Maji yalikupwa saa nne asubuhi, saa kumi jioni yamejaa. Mlitakiwa muwe pale saa tatu, mchanga unafunguka nanyi mnashuka nao. Akatuambia pia kwamba ujanani mwake Maziwe kulikuwa na mivinje, wavuvi wakilala chini yake. Miti ikaisha, na sasa maji yakijaa hapana nchi kavu. Tangu siku ile, kila niendapo Pangani, kabla sijauliza bei nauliza maji.

MjukuuWaBweni

Dada yangu, umenigusa kwetu. Bibi mzaa mama kwao Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Nilichokiona mimi ni kwamba wageni wanakimbilia baharini, mto wanauvuka tu juu ya pantoni huku wakitazama simu. Na ule mto ndio uliouleta mji wenyewe! Maji yake yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatembea kama kilomita 500 mpaka pale kwenye pantoni.

Mjomba wangu ana dau, halina mashine. Yeye hapandi mto kwa nguvu. Anangoja maji ya bahari yaanze kujaa, yanatusukuma juu, yeye anaongoza kwa upondo tu, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Maji yakigeuka, tunarudi nayo. Kwanza ni mikoko pande zote mbili, mizizi imetambaa juu ya tope, kaa wanakimbia. Kisha mikoko inapungua, minazi inashika nafasi. Mara kwa mara mjomba anachota maji kwa kiganja, anaonja, anatema. "Bado chumvi." Tunasogea. Anaonja tena. "Bado." Safari ya mwisho, mwaka juzi, tulifika mbali kabisa hajapata maji matamu, akanyamaza, akafua maji yaliyoingia chomboni kama mtu aliyekumbuka kazi. Utotoni mwake, anasema, matamu yalianzia chini sana ya hapo. Siku hizi mto hauna nguvu ya kuisukuma bahari, kwa maana huko juu wanaotumia maji ni wengi.

Mkienda, mikono iwe ndani ya chombo. Mamba wapo, si hadithi. Na jioni mkiteremka mwambieni nahodha apite polepole mbele ya mji wa kale. Mji ule ndimo Wajerumani walimomnyonga Abushiri bin Salim, tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kupigana nao pwani nzima. Mjomba akifika hapo huwa anazungumza kwa sauti ya chini.

MtuWaMuheza

Naona mnaanza na bahari. Mimi nawaambieni anzeni milimani, kisha shukeni. Ukianza na ufukwe hutapata hamu ya kupanda tena.

Ukiwa Muheza mjini, panda milima ya Amani. Chini ni machungwa, katikati mdalasini, pilipili manga na iliki, juu ni msitu na mashamba ya chai. Kuna bustani ya miti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, ina miti kutoka pande nyingi za dunia, mingine mimi mwenyewe sijui jina lake. Na kuna lile ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni madirishani huko Ulaya. Kwao ni huku, kwenye mawe yenye unyevu ya Usambara. Jina lake la kisayansi lililotumika miaka mingi, Saintpaulia, limetokana na mkuu wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire.

Mwezi wa nne mwaka fulani nilipeleka wageni watatu na gari dogo. Nilijua ni masika, nikasema nitawahi. Kwenye kona moja tairi la nyuma likaingia mtaroni, gari likalala upande wa korongo. Giza likatukuta. Watu wa kijijini walitoka na majembe na magunia, wakatandika majani na mawe chini ya tairi, wakasukuma kwa wimbo. Hawakutaka hata senti. Tukalala kwa mzee mmoja mchuma chai, mkewe akatupikia chai ya iliki mbichi, ameiponda hapohapo kwa jiwe. Usiku kucha nasikia maji chini ya nyumba. Asubuhi nikamuuliza yule mzee, "Maji haya yanakwenda wapi?" Akanijibu, "Kwenu." Ni Mto Zigi. Unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na humo ndimo sisi tunaokaa Tanga mjini tunamopata maji ya bombani. Nimeoga maji ya Amani miaka yote pasipo kujua.

Masika nendeni na gari lenye miguu mirefu, au msiende.

MamaMapacha

Jamani mimi kisa changu ni cha Lushoto. Nilikwenda na watoto wawili wa miaka sita, mwezi wa saba. Pale Mombo mnaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kilomita 33 za kona mpaka Lushoto mjini. Pacha mmoja alitapika kabla hatujafika Soni. Abiria wa nyuma, mama wa Kisambaa mwenye kapu la ndimu, akakata moja akampa anuse, akambeba mapajani mpaka mwisho wa safari. Wenye watoto, ombeni siti ya mbele na msiwashibishe kabla ya kupanda.

Baridi ya mwezi wa saba kule si ya mchezo. Nilibeba kanga na vitenge kana kwamba nakwenda ufukwe wa Raskazone, nikaishia kununua masweta ya mtumba sokoni. Soko lenyewe ni zuri, karoti bado zina udongo. Irente tulikwenda kwa miguu. Unatembea katikati ya mashamba na nyumba za watu, unasalimiwa na kila mtu, kisha ardhi inakatika. Chini kabisa ni tambarare, mistari ya mkonge, barabara kuu imekuwa uzi. Watoto wangu hawanyamazi hata msikitini, pale walinyamaza, kila mmoja kashika upande wa gauni langu.

JiraniWaKwale

Hamjambo ndugu zetu wa Tanga. Mimi niko upande wa Kenya, tunavukia Lunga Lunga na Horohoro. Na kwetu pia usiishie Diani. Panda hifadhi ya Shimba Hills, hakuna kwingine Kenya utakapoona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Kisha shuka Gazi, akina mama wamejenga daraja la mbao ndani ya mikoko, unapita juu yake hata maji yakijaa, na ukitoka wanakupakulia wali wa nazi na samaki. Kijiji kinalinda mikoko ile chini ya mradi wa kuuza hewa ya ukaa, Mikoko Pamoja, tangu 2013, pesa zake zimesaidia maji na shule. Swali langu: Mapango ya Amboni huko kwenu Tanga yafaa kwenda na mzazi mwenye magoti mabovu?

MtuWaMuheza

Jirani, mpeleke mpaka mlangoni, apunge upepo chini ya miti. Ndani kuna mahali pa kuinama na kutambaa, sakafu inateleza, na popo wengi. Wewe ingia na mwongoza wageni, mzazi akungoje.

TichaWaKorogwe

Nimesoma kisa cha Maziwe nikaona nina mwisho wake.

Mwezi wa sita nilipeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita Ushongo. Wengi wao hawakuwa wameiona bahari. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, kama mama zao walivyopanda miti ikiwapo, lakini mayai yakiachwa pale maji ya bamvua yatayafunika na kuyaua. Kwa hiyo vijana wa kijijini wanakwenda kwa mashua, wanayafukua kwa mikono, wanayaleta Ushongo na kuyafukia upya juu ya mstari wa maji. Wanahesabu siku, hamsini na kitu hadi sitini. Siku ikitimia wanafukua jioni, jua likipoa.

Tulipanga mistari miwili, katikati njia ya kwenda majini. Kijana akaondoa mchanga kwa vidole. Kikatoka kichwa kimoja, cheusi, si kikubwa kuliko kidole gumba. Kisha mchanga wote ukaanza kutikisika. Walitoka kwa makumi, wanapigapiga mabawa yao, kila mmoja na alama yake nyuma kama uzi wa cherehani. Mmoja aliingia kwenye unyayo wa mtu akashindwa kupanda. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mpole ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono, akaniuliza, "Mwalimu, nimsaidie?" Kijana wa kijijini akamwambia asimshike, amsawazishie njia tu. Akapiga magoti, akausawazisha mchanga kwa kiganja mbele ya kasa yule mpaka majini, hatua kama kumi na tano. Wimbi likamchukua. Mtoto akabaki amepiga magoti, sare yote imelowa.

Mleta mada

Ticha, mwakani mnarudi lini? Niwekee nafasi mbili, mimi na mdogo wangu. Nauli na chakula tutajitegemea, na daftari za watoto tutaleta. Ukishajua mwezi, niambie tarehe nimpigie yule mzee wa mashua anisomee maji.