Kundi la Ukoo: Kupanga Sehemu 12 za Kingdom

Zuhura (saa 1:10 usiku): Ndugu zangu, kila mmoja aliahidi kuzipanga sehemu zote 12 za Kingdom, ile tamthilia ya Kikorea ya mazombi, sita za mwaka 2019 na sita za 2020, kuanzia iliyo bora kabisa, ili Ijumaa tuzitazame upya pamoja zile tatu za juu. Hadi sasa nina orodha moja tu, nayo ni yangu.

Zuhura (saa 1:31): Ya kwanza kwangu ni ile inayofunga msimu wa pili, pale barafu ya bwawa la kasri inapopasuka, na waliong'atwa na mazombi lakini hawajafa wanaibuka wazima kwa kuwa maji yamewatoa minyoo mwilini. Ya pili ni ile inayofunga msimu wa kwanza. Ile inayofungua hadithi nimeiweka ya tisa, kwa sababu inakwenda polepole.

Hamisi (saa 2:04): Dada, umeisahau ile ambayo wakubwa wa mji wa Dongnae wanapanda meli na kuwaacha raia nyuma, kumbe mama mmoja amemficha marehemu mwanawe sandukuni, ndani ya meli hiyohiyo. Hiyo haikosi katika tatu za juu.

Mjomba Idi (saa 2:09): Mimi nazipanga kwa kofia. Anayekimbizwa na mazombi usiku kucha na kofia isimdondoke, huyo anastahili nafasi ya kwanza.

Hamisi (saa 2:10): Mjomba, basi mwanamfalme Lee Chang ameshinda bila kupingwa!

Zuhura (saa 2:12): Mjomba, nakuheshimu sana, lakini naomba tuziache kofia. Watu 11 wamesoma na hawajajibu.

Mwanaidi (saa 2:40): Nilisoma nikanyamaza kwa makusudi. Hiyo uliyoiweka ya pili mimi siwezi kuipa nafasi yoyote, maana kabla sijaitazama uliandika humuhumu kwamba si jua linalowalaza wale maiti bali ni joto, nao baridi ikiingia huamka hata mchana. Ulijua mwezi ule nilikuwa hospitalini na Mama. Sijaombwa radhi mpaka leo.

Zuhura (saa 2:43): Mwanaidi, yale tuliyazungumza.

Mwanaidi (saa 2:44): Uliyazungumza wewe.

Bibi (saa 3:15): Nimesoma yote. Wale wagonjwa wa zahanati walikuwa na njaa. Yeong-shin, aliyekuwa nao pale, akawapikia nyama, wakaamini ni ya paa, kumbe ni ya kijana aliyeuawa na mfalme, mfalme ambaye wakubwa walimfufua kwa mmea ili wasipoteze madaraka. Yote mnayoyashindania yalianzia katika sufuria ile. Sehemu hiyo haitakuwa ya tisa katika nyumba yangu. Na wewe Zuhura, mpigie mwenzako simu kabla ya Ijumaa, usimwandikie.

Zuhura (saa 3:38): Nimesikia, Bibi.

Mjomba Idi (saa 3:40): Mama amesema.

Zuhura (saa 4:02): Basi ya sufuria imekuwa ya kwanza. Nafasi mbili zilizobaki ni za bwawa, meli au ile inayofunga msimu wa kwanza, anayoikataa Mwanaidi. Naomba wengine wachague usiku huu.

Hamisi (saa 4:05): Meli.

Mwanaidi (saa 5:20): Bwawa naliunga mkono, kwa sababu ya Seo-bi, yule mganga wa kike aliyeyachunguza maradhi yale wakati wengine wanapigania kiti. Kuhusu Ijumaa, nitajibu nikishapigiwa simu.