Re: VA wamenikatalia nyonga, nifanyeje?

> Habari zenu ndugu. Goti langu la kulia VA (idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu) wanalilipia tangu nitoke jeshini. Kwa miaka ya kuchechemea, nyonga ya kushoto nayo imeharibika, usiku silali. Nimeiombea, wamekataa. Nianze upya au nikate rufaa?

Pole sana kaka. Usianze upya. Chukua barua ya kukataliwa uisome polepole, hasa pale wanapotoa sababu. Ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa mwingine unadai mambo matatu: wa kwanza uwe umeshakubaliwa, wa pili uwe umethibitishwa na daktari, na mtaalamu aandike kwamba wa kwanza ndio ulioleta wa pili. Wengi tunakwama hapo pa tatu.

Mimi mgongo ulikubaliwa. Ibuprofeni nilizomeza miaka na miaka zikanitia vidonda vya tumbo. Nilipeleka vipimo, orodha ya dawa, bahasha nzima. Wakakataa, kwa kuwa katika karatasi zote zile hapakuwa na sentensi hata moja ya daktari inayosema dawa hizi ndizo zilizoleta vidonda hivi. Iliniuma, maana kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa.

Kwa hiyo tafuta daktari, wa VA au wa nje, asome faili lako kisha aandike. Uhakika hautakiwi, uwezekano wa asilimia 50 unatosha, kwani mizani ikilingana anayepewa ni mwanajeshi. Ila aeleze kwa nini: unavyotembea, uzito unavyoelemea upande mmoja, picha zinaonyesha nini. Na umwombe ajibu swali la pili pia: kama goti halikuleta ugonjwa wa nyonga, je, limeuzidisha? Kuzidisha nako kunalipwa, na wengi hawalitaji kabisa.

Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Ukiwa na barua mpya ya daktari, jaza fomu 20-0995. Ukiona walikosea kusoma yaliyokuwamo, 20-0996, lakini hapo huruhusiwi kuongeza ushahidi. Kwa jaji ni 10182, na huko foleni ni ndefu. Kwako naona ya kwanza. Ipeleke kabla mwaka haujaisha tangu tarehe ya barua yao, ili ukishinda malipo yahesabiwe kuanzia ombi lako la mwanzo. Watu wa DAV au VFW, vyama vya wanajeshi wastaafu, watakusaidia kujaza bila kukutoza hata senti.

> Asante sana kaka. Daktari nimempata, namwona Alhamisi.

Shemeji, mimi ni mke wa mwanajeshi, naongezea moja. Mkeo naye aandike, fomu ni 21-10210. Asitaje ugonjwa, hiyo kazi ya daktari. Aseme anachokiona: ulianza lini kushika ukuta ukipanda ngazi, unaamka mara ngapi usiku, kazi gani za nyumbani umeacha. Mimi niliandika ukurasa mmoja kwa ajili ya mume wangu, na barua ya kukubaliwa iliutaja.