Rada ya boti: mpigo mfupi au mrefu?

Boti_Kirumba: Wakuu, heshima kwenu. Tumefunga rada kwenye boti ya abiria, safari zetu ni Kirumba–Ukerewe. Ina mpigo (yaani muda wa kutuma wimbi kila mara) wa mikrosekunde 0.08 na wa 1; mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde. Juzi alfajiri nilikuwa kwenye ule mrefu, skrini ikanionyesha doa moja mbele. Kusogea, kumbe karabai mbili: mitumbwi ya dagaa imefuatana. Nitumie upi?

Fundi_Mawimbi: Hesabu yake nyepesi, kaka. Wimbi la rada hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja, ila linakwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili: 150. Mitumbwi ikifuatana chini ya mita 150, mpigo wa 1 hauitenganishi; mwangwi wa nyuma unafika wa mbele haujaisha. Wa 0.08 unaitenganisha hata kwa mita 12. Halafu rada ikiwa bado inatuma, haisikii. Ukiwa mita 100 kutoka Jiwe la Bismarck, lile la pale Mwanza, na mpigo mrefu, jiwe lote lile hulioni kwenye skrini!

Mzee_wa_Ziwa: Hapo sawa, lakini usimfanye aukimbie mrefu. Mtumbwi wa mbao mwangwi wake hafifu, na mpigo mrefu una nishati zaidi. Huko nje ukiweka mfupi, utauona mtumbwi umeshafika puani. Adui wa mrefu ni mvua. Ikishuka, skrini inakuwa uji mtupu.

Binti_Nansio: Shikamooni. Kwa nini isitume mirefu harakaharaka tupate vyote?

Fundi_Mawimbi: Marahaba. Kwanza magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada, itazidiwa na joto. Pili, lazima mwangwi wa mbali urudi ndipo utume tena. Rada za boti mara nyingi hutuma mirefu kama 600 kwa sekunde, mifupi kama 2,100. Kwa 2,100 nafasi ya kusubiri ni mikrosekunde 476, yaani kwenda na kurudi kwa kilomita 71 tu. Mwangwi wa mlima ulio kilomita 80 ukichelewa kurudi, rada inadhani ni wa mpigo mpya, inakuchorea mlima kilomita 9 mbele yako, katikati ya maji.

Boti_Kirumba: Kumbe! Basi bandarini na penye karabai mfupi, nje mrefu. Mzee wangu, na mvua ikinikuta katikati?

Mzee_wa_Ziwa: Rudi kwenye mfupi, punguza mwendo, kijana akae mbele na tochi.