Kupima pumzi za wakimbiaji bila maabara: Cooper, mlio wa mita 20 au mbio mbili?

Kocha_Tbr: Wakuu, nina vijana wa shule hapa Tabora, wa mita 1,500 na 5,000. Uwanja wa vumbi, raundi mita 400, stopwochi ninayo. Nataka kujua nani anaweza kuihimili kasi kubwa kwa muda mrefu. Mpaka sasa natumia Cooper, kile kipimo cha kukimbia dakika 12. Kuna kizuri zaidi?

Mjukuu_wa_Ujiji: Cooper inatosha, mkuu. Ipo tangu 1968. Wakimbize dakika 12, chukua mita walizofika, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Wa 2,800 anapata kama 51, yaani mililita za oksijeni anazoweza kutumia kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kwisha habari.

Bi_Nzega: Kuwapanga wa kwanza na wa mwisho, sawa. Ila wawili wakifika 2,800, hujui nani kabebwa na pumzi na nani kabebwa na spidi. Mimi natumia mbio mbili, mita 1,200 na 3,600, kila moja kwa nguvu zote. Tuseme kijana katumia 3:50 na 13:00. Tofauti ni mita 2,400 kwa sekunde 550, sawa na kilomita 15.7 kwa saa. Huo ndio mpaka wake. Chini ya hapo mwili unatulia, juu ya hapo anakula akiba. Na akiba inapimika: kwa kasi hiyo, sekunde 230 zingemfikisha mita 1,004, yeye kafika 1,200. Anayo mita 196 za kutumia juu ya mpaka.

Kocha_Tbr: Dada, hapo kwenye akiba nimekwama kidogo. Akienda 17 kwa saa?

Bi_Nzega: Anakula sentimita 36 za akiba kila sekunde. Dakika 9 hivi imekwisha, atake asitake atashusha kasi. Mwenye akiba ndogo mpe vipande vifupi.

Kibirizi_FC: Na sisi wa mpira? Kigoma huku tunawasha mlio kwenye spika, wachezaji wanaufuata mita 20 kwenda na kurudi, kasi inaanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kila dakika.

Bi_Nzega: Kwa soka chukua Yo-Yo, kipimo cha Bangsbo cha kwenda na kurudi chenye mapumziko. Kila mita 40 wanapata sekunde 10 za kupumua, kama mechi yenyewe.

Mjukuu_wa_Ujiji: Mbona hamjataja ile ya dakika 3? Unatoka mbio zote tangu kipenga, wastani wa sekunde 30 za mwisho ndio mpaka. Siku moja tu.

Bi_Nzega: Kwenye karatasi ni nzuri sana. Wape watoto wa sekondari uone! Wote wanajibania dakika ya kwanza, na akiba ikibaki, jibu linatoka kubwa kuliko ukweli.

Kocha_Tbr: Basi Jumanne 1,200, Ijumaa 3,600, zote alfajiri. Jua hili la Oktoba saa nne litanipa majibu ya joto, siyo ya pumzi.

Bi_Nzega: Na siku ya katikati usiwape mazoezi mazito, kocha.