Funguo za skuli ziko kwa nani? Kila masika serikali inaanza kazi maji yakishaingia ndani

Asalam alaykum ndugu zangu.

Uzi huu ni wa hasira, nasema mapema. Asiyetaka apite tu, nyuzi za mpira zipo kibao.

Masika tunaijua, Machi mpaka Mei. Haijatuvizia hata mara moja. Sehemu zinazojaa maji nazo tunazijua kwa majina: Mwanakwerekwe, Sebleni, Jang'ombe, na kila bonde lililotiwa kifusi likakatwa viwanja. Unguja ilizama 2005, ikazama 2015, 2017 tukarudi pale pale. Na kila safari tunaoneshwa picha ile ile: msafara wa magari, mabuti mapya ya mpira, mwamvuli umeshikwa na mtu mwengine, magodoro, mchele, pole nyingi. Huko si kukabiliana na maafa. Huko ni kwenda kuhani.

Kwenye karatasi tumekamilika, wallahi. Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 imeweka Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iko chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Kuna kamati za maafa zinazoshuka mpaka wilayani, wilaya 11, na mpaka kwenye shehia, ngazi ya chini kabisa inayoongozwa na sheha, shehia 388. Baharini tuna KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, nchi kavu tuna Zimamoto na Uokozi. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, kwa hiyo onyo linatoka TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na maafa yenyewe si ya Muungano, kwa hiyo kazi inabaki kwetu. Onyo linatoka nyumba hii, mkono wa kufanya kazi uko nyumba ile. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba onyo likishavuka mlango halimfungulii mtu yeyote kitu chochote: si fedha, si ghala, si ruhusa.

Sikilizeni linavyosomwa redioni. "Angalizo la mvua kubwa limetolewa kwa maeneo machache ya visiwa vya Unguja na Pemba. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Athari zinazoweza kutokea: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji." Mtaalamu amemaliza kazi yake hapo, na kaifanya vizuri. Ngazi zake ziko wazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Sasa nani anayageuza maneno hayo yawe kazi ya shehia yako? Baadhi ya makazi ni yepi? Nyumba ya bibi aliyelala kitandani miaka, nyuma ya msikiti, imo au haimo?

Ilitakiwa kila shehia inayojaa maji iwe na karatasi moja, imeandikwa Februari, imebandikwa ukutani kwa sheha. Likitoka angalizo: midomo ya mitaro inasafishwa siku hiyo hiyo, mashine ya maji inawashwa kujaribiwa. Ikitoka tahadhari: wagonjwa, wazee na wajawazito wa nyumba za bondeni wanahamishwa mchana kungali na mwanga, skuli inafunguliwa, petroli inanunuliwa. Ikitoka tahadhari kubwa: nyumba za bondeni zinabaki tupu na umeme wa mtaa ule unakatwa kabla maji hayajafika kwenye soketi. Kila kazi na jina la mtu na namba yake ya simu, na jina la pili kama wa kwanza kasafiri. Muulizeni sheha wenu kama anayo. Halafu muulizeni kama anaweza kununua hata galoni moja ya petroli leo usiku bila kuandika barua wilayani.

Na ipo sababu ya maji kujaa ambayo haimo kwenye onyo wala kwenye hotuba: bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 4. Mtaro unaomwaga pwani, kama mdomo wake uko chini ya maji yaliyojaa, kwa saa mbili tatu hautoi kitu. Mvua ikipiga saa tisa alasiri siku ya bamvua, maji ya mjini yanarudi mitaani hata mtaro uwe umezibuliwa vipi. Mvua ile ile ikinyesha siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, pengine hata kitambaa cha mlangoni hakilowi. Mvuvi anajua haya kwa kutazama mwezi tu, na jedwali la kujaa na kupwa hutoka la mwaka mzima. Kuliweka kando ya utabiri wa siku tano ni kazi ya dakika kumi. Dawa ya mdomoni nayo ni ya zamani: sahani nzito inayoning'inia kwenye mdomo wa mtaro, maji ya mjini yakisukuma inafunguka, bahari ikisukuma inajifunga. Ila chupa moja ya plastiki ikikwama chini yake haifungi tena, ndiyo maana inataka mtu wa kuipitia kabla ya kila bamvua. Mtu mmoja, reki, na mshahara.

Badala yake tunasubiri mashine za kuvuta maji. Haya tupige hesabu. Milimita 50 ndani ya saa 24 ndiyo mvua inayoitwa kubwa. Milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000. Mashine ya petroli ya inchi 3 imeandikwa kwenye kibandiko mita za ujazo 60 kwa saa, na hizo ni kama hupandishi maji kwenda popote. Zigawe: saa 833. Karibu siku 35, mchana na usiku bila kuzima. Kwa hiyo kiongozi akisimama mbele ya bonde na mashine mbili akasema "tunalishughulikia", anakutania. Mashine ni ya kumalizia: kutoa maji chumbani, njiani, kisimani. Maji ya bondeni yanataka bonde, na bonde tumeligawa kwa hati za viwanja.

Hata hizo za kumalizia zinakufa kwa sababu za kijinga. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta tangu masika iliyopita inaacha gundi, ukivuta kamba haiwaki. Mfuko wa plastiki unaziba chujio la mpira wa kuvutia, mashine inazunguka kavu, sili inaungua. Dawa yake ni kumwaga petroli kabla ya kuihifadhi, kuiwasha robo saa kila mwezi, na kufunga chujio ndani ya tenga. Mpira wa kutolea nao uwe mrefu wa kutosha. Nimeona mpira wa mita 20 unamwaga maji kwenye mtaa wa jirani, yakazunguka yakarudi.

Sasa kambi, hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kambi yetu siku zote ni skuli, na skuli inafunguliwa saa saba usiku kwa kumtafuta mwenye funguo. Darasa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Kiwango cha kimataifa cha makazi ya dharura ni mita 3.5 kwa mtu, maana yake watu 13. Si familia 13, watu 13. Madarasa kumi ni watu 130. Choo kimoja kwa watu 20, kwa hiyo vyoo 7, vya wanawake mbali na vya wanaume, na taa. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku: lita 1,950, yaani tanki la lita 2,000 linaisha kila siku na lazima lijazwe kila siku. Nani analijaza kama umeme umekatika na pampu za visima ni za umeme? Tulikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa waya mmoja wa chini ya bahari. Kila kisima kinachotegemewa na kambi kilitakiwa kiwe na jenereta yake tangu wakati ule.

Chakula ndiyo kabisa. Mchele gramu 400 kwa mtu kwa siku, nyumba ya watu 6 kwa wiki ni kilo 17, kwa hiyo gunia la kilo 25 linatosha na kubaki. Lakini mtu aliyetoka kwake na maji ya kiunoni hana sufuria, hana makaa, hana kiberiti kikavu. Gunia bila jiko ni picha ya gazeti. Siku tatu za mwanzo kinatakiwa chakula kilichopikwa, na mama ntilie wa mtaa huo wanaweza kupika watu 130 bila wasiwasi, mradi walipwe kwa mkataba ulioandikwa kabla ya mvua.

Na kipindupindu. Vyoo vyetu vya shimo na visima vyetu vifupi vinachanganyika maji yakipanda, hilo halina siri, na mlipuko wa 2015 hadi 2016 bado tunaukumbuka. Tembe za maji, zile za tembe moja kwa ndoo ya lita 20, ni za nyumbani. Ukizitumia kwa tanki la lita 2,000 unataka tembe 100 kila likijazwa, na ghala litaisha wiki ya kwanza. Tanki linatiwa poda ya klorini: ya nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 6 hivi zinatosha kama maji ni meupe. Unaikoroga kwanza kwenye ndoo, unaiacha ituame, unamimina maji ya juu tu, unangoja nusu saa, kisha unapima: kipimo kioneshe miligramu 0.5 zilizobaki kwa lita au karibu na hapo. Maji yenye tope yanakula dawa yote, lazima yatuame na kuchujwa kwanza. Poda yenyewe ikifunguliwa na kuachwa ghala lenye joto na unyevu inapoteza nguvu, mtu anaamini ametibu maji kumbe katia chokaa. Kwa hiyo ndoo ndogo ndogo zilizofungwa, si pipa moja kubwa wilayani.

Pemba nawaongezea hili. Upepo ukizidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yakapita mita 2, vyombo vinaambiwa visitoke. Ni sawa, visitoke. Lakini maana yake kila mlichopanga "kitaletwa kutoka Unguja" hakiji. Dawa, poda, mashine na maturubali viwe Mkoani, Chake, Wete na Micheweni kabla ya Machi, na mwenye saini ya kuvitoa awe anakaa Pemba.

Baharini ni somo lile lile. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, abiria walizidi idadi iliyoruhusiwa kwa hiyo hata idadi ya kuwatafuta haikujulikana. Mwaka haujatimia, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Wa mwanzo kuwafikia watu wa Spice Islander walikuwa wenye boti wa pwani ya Nungwi, na itakuwa hivyo tena, kwa sababu aliye karibu ndiye anayewahi. Basi mvuvi huyo apewe redio ya chaneli 16, ile ya dharura baharini, maboya ya kurushia, kurunzi isiyoingia maji, na ahadi ya maandishi kwamba petroli yake italipwa ndani ya wiki.

NYONGEZA: Nimesoma majibu.

Aliyesema "kimbunga hakifiki kwetu, tuko karibu na ikweta": Aprili 1872 kilifika, kikafagia minazi na mikarafuu ya Unguja. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita Mafia. Kapime mwenyewe Mafia na Kizimkazi kwenye ramani.

Aliyesema "wahame mabondeni, kosa lao": walijenga kwa vibali vya nani? Lete saini tuanze nazo, halafu tuzungumze kuhama.

Aliyeniuliza natumwa na chama gani: maji ya Sebleni hayaulizi kadi.

Na kaka aliyesema orodha za waathirika huwa na majina hewa, umesema kweli. Orodha inaandikwa maji yakishakauka, kwenye foleni ya mchele, kila mtu ana wageni wanane. Ikiandikwa Februari nyumba kwa nyumba, namba ya nyumba, idadi ya watu, nani mgonjwa, nani mlemavu, hapana pa kuongeza jina Mei.

Kwa hiyo kila mmoja aende kwa sheha wake wiki hii, arudi hapa na majibu matano: karatasi ya ukutani ipo au haipo, funguo za skuli ziko umbali gani, mashine inawaka au haiwaki, poda ya klorini tarehe yake lini, orodha ya nyumba za bondeni ni ya mwaka gani. Andikeni jina la shehia tu. Majina ya masheha na namba zao za simu msiweke.