Mrejesho: Mbwa wangu aliyekuwa akitikisa kichwa

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kwa nini mbwa wangu anatikisa kichwa na kujificha kila jenereta likiwashwa. Wengi mlisema ni kelele, wachache mkasema nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumbe nyote mlikuwa sahihi.

Daktari alimulika sikio kwa kifaa chake na kukuta fangasi. Ile harufu kama ya chachu niliyodhani ni uchafu wa kawaida ndiyo ilikuwa dalili yenyewe. Alinigombeza kidogo (nilistahili) kwa sababu nilikuwa nikisafisha kwa vijiti vya pamba. Njia ya sikio la mbwa hushuka, kisha hupinda kuelekea ndani, kwa hiyo kijiti husukuma uchafu kwenye kona. Sasa natia dawa aliyonipa, nakanda chini ya sikio hadi nisikie mchuruziko, namwacha atikise kichwa, kisha nafuta sehemu ya nje tu kwa pamba. Baada ya kuoga namkausha masikio.

Kuhusu kelele: banda lilikuwa karibu kabisa na jenereta! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizoea kelele yake. Mbwa husikia sauti nyembamba hadi takriban hezi 45,000 (mitetemo kwa sekunde), sisi tunaishia 20,000, na kelele ya zaidi ya desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa muda mrefu huumiza masikio. Banda nimelihamishia nyuma ya nyumba.

Wiki ya tatu sasa. Harufu imekwisha, kichwa kimetulia. Jenereta likiwashwa bado anasimamisha masikio, lakini hakimbii tena.